Safu ya Wasiofika

Katika jumuiya yetu kuna sentensi moja ambayo ikishatamkwa, mjadala umekwisha. Tuwe tunajadili ukarabati wa paa la kanisa, zamu ya usafi au mgonjwa wa kwenda kumwona, ni mamoja. Mtu anakohoa kidogo, anainamisha kichwa, anasema: "Ndugu zangu, jambo hili nimeliombea sana, na Mungu amenionyesha." Basi. Nani atanyanyuka kubishana na Mungu saa moja kasoro robo asubuhi, chai yenyewe hajanywa?

Mimi ni katibu, kwa hiyo sentensi hiyo inanisumbua kuliko wenzangu. Wao wakishaitikia "Amina" wanakwenda zao. Mimi nabaki na daftari. Najua kuandika "wanajumuiya walikubaliana" na "Mwenyekiti alisisitiza". Sijui kuandika kwamba Mungu alimwonyesha mjumbe wa tatu kutoka mlangoni. Huwa naiingiza kama maoni ya mjumbe, na kuna mzee mmoja aliyeninunia wiki nzima baada ya kusikia ufunuo wake ukisomwa chini ya kichwa cha "Mengineyo".

Simdhihaki. Naamini kabisa kwamba Mungu husema na watu, na kwamba anaweza kusema na mzee yule usiku akiwa peke yake na rozari yake. Lakini aliyesikia peke yake anatuletea taarifa tu, na taarifa tunaweza kuipokea tukiwa tumesinzia. Kusikiliza pamoja ni kazi nyingine. Ndiyo inayotutoa kitandani, maana kama ingetosha kila mtu asikie kwake, tungelala.

Tunakutana Jumamosi jua likiwa halijapanda, kwa zamu, nyumba hadi nyumba, huku Kimara, Dar es Salaam. Mkatoliki wa Tanzania hahitaji kuelezwa jumuiya ni nini. Kwa wengine niseme kwa ufupi: maaskofu wa kanda yetu ya Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 wakaona Kanisa lisiishie parokiani, lishuke mpaka kwenye familia chache zinazofahamiana. Mwaka 1976 wakaufanya ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa jambo la kwanza katika kazi yao ya kichungaji. Kwetu balozi wa nyumba kumi alikuwepo tayari, kwa hiyo watu wa umri wangu hawakushangaa kuona Kanisa nalo linahesabu nyumba. Uzuri na ubaya wa mipango hiyo miwili unafanana: ukiumwa unajulikana, na usipotoa mchango unajulikana pia.

Injili tunaisoma kwa njia ya hatua saba, iliyotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunarudia maneno yaliyotugusa, tunanyamaza, tunashirikishana, tunaangalia kazi tunayotumwa, tunasali. Mimi napenda ya tatu. Hutakiwi kueleza kitu. Unachagua neno au maneno mawili kwenye somo, unayatamka, unanyamaza, wa pili anatamka ya kwake. Siku ya Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko, fundi mwashi mmoja alitamka "njia". Mama anayefanya biashara kituo cha daladala naye akatamka "njia". Kisha binti wa kidato cha pili akasema "wengi", akaishia hapo. Mimi somo hilo nimelisikia tangu sijajua kusoma, na neno hilo sikuwahi kulitazama. Waliomkemea kipofu anyamaze walikuwa wengi, tena ni watu waliokuwa wanatembea na Yesu, kundi lake, wanajumuiya hai kama sisi.

Hatua ya nne, ya kimya, inatushinda. Mama mwenye nyumba anakumbuka maji yaliyoko jikoni, simu ya mtu inalia kwa wimbo wa kwaya, na mwongozaji, akihofia tumesinzia, anaanzisha pambio. Hatua ya sita, ile ya kuuliza Neno linatutuma tufanye nini, imemezwa na michango. Nasema kama mwenye daftari: kurasa za fedha ni nyingi kuliko za mambo mengine yote yakijumlishwa. Tegemeza jimbo, ujenzi, zawadi ya paroko, kipaimara, rambirambi. Sina ugomvi na fedha; kanisa haliezekwi kwa sala peke yake. Lakini mgeni akitaka kujua jumuiya fulani inasikiliza nini, asiulize viongozi. Aombe mihtasari asome.

Nieleze kikao kimoja, bila majina.

Barabarani kwetu alikuwepo fundi baiskeli mwenye kibanda chini ya mwarobaini. Alibatizwa, alifunga ndoa kanisani, akafiwa na mke, na baadaye akaacha kuonekana jumuiya. Alipofariki, wanawe walikuja kuomba barua. Anayeishi huku anajua uzito wa barua hiyo. Bila muhuri wa jumuiya, ofisi ya parokia itauliza maswali, na majibu yakikosekana marehemu anaweza kuzikwa bila Misa, pengine bila hata katekista. Katiba yetu inasema barua hutolewa kwa "mwanajumuiya hai". Ni maneno ya ajabu kuyatumia juu ya maiti, lakini ndivyo yalivyochapwa.

Kikao cha dharura kiliitwa jioni ileile. Tulimwomba Roho Mtakatifu atuongoze, kama kawaida, halafu tukagawanyika, kama kawaida. Upande mmoja ulisema: tukimpa huyu, kesho nani atahudhuria? Watu watakaa majumbani wakisubiri kufa. Upande wa pili ukasema tuwe na huruma, Mungu mwenyewe ni mwenye huruma. Kila upande ulikuja na kifungu chake cha Maandiko, na vifungu vyote vilikuwa vya kweli. Mwenyekiti, mwanajeshi mstaafu na mtu mwadilifu, akaona bora tupige kura.

Ndipo akanyoosha mkono mama mmoja muuza mihogo, ambaye sauti yake husikika zaidi kwenye nia za sala kuliko kwenye mijadala. "Baba Mwenyekiti," alisema, "mimi la katiba silijui. Naomba tu katibu atusomee. Sisi kwake tulikwenda lini?"

Daftari la mahudhurio lina safu ya wasiofika, na pembeni yake nafasi ya sababu: safari, kazi, mgonjwa, msiba. Nilirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, mpaka kwenye mwandiko wa katibu aliyenitangulia. Mahudhurio ya yule fundi yalikuwa mazuri kuliko ya wengi waliokuwa wakimjadili. Kisha ghafla alama za kutofika zinaanza, zinafuatana, na nafasi ya sababu ni tupu mstari baada ya mstari. Jirani yake mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba huo ndio wakati alipokatwa mguu kwa ajili ya kisukari. Waliojua walikuwepo. Kila mmoja alidhani mwenzake keshapeleka taarifa. Baada ya hapo katiba ilifanya kazi yake: vikao vimepita hakufika, jina likatolewa.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Simu ya mtu iliita, akaizima bila kuangalia ni nani. Ya kura Mwenyekiti hakuirudia tena. Aliniambia, "Katibu, andika barua," na baada ya kidogo, "na uandike kwamba jumuiya itakwenda kuzika." Wawili hawakwenda, na mpaka leo wanasema tulivunja utaratibu. Maoni yao nayo nimeyaandika.

Kijana wetu mmoja wa chuo kikuu aliniuliza baadaye, tukirudi kutoka makaburini: "Mama, sasa pale Mungu alisema wapi? Mama wa mihogo aliuliza, wewe ukasoma daftari, watu wakaona aibu. Hilo si linawezekana hata kwenye kikao cha saccos?"

Ni swali zuri, na siku hizi nalijibu kwa kumrudia Samweli. Mtoto amelala hekaluni Shilo, anaitwa usiku. Mahubiri mengi niliyoyasikia yanasifu utii wake. Mimi hukwama kwenye jambo jingine: kila alipoitwa alikimbilia kwa Eli. Mara tatu. Basi sauti ile haikuwa ngurumo, wala haikuwa na mwangwi kama ule wanaouweka kwenye filamu za Yesu tunazoonyeshwa Kwaresima. Ilikuwa sauti ambayo mtoto angeweza kudhani ni ya mzee aliyelala karibu, mzee wake anayemjua, pengine ameamka anataka maji. Kama sauti ya Mungu ilifanana na ya mtu kiasi hicho, basi kuuliza "alikuwa yule mama au alikuwa Mungu?" ni kuuliza swali ambalo Samweli mwenyewe asingeweza kulijibu akiwa bado kitandani.

Na tazama walivyogawana kazi usiku ule. Mwenye masikio hajui anachokisikia. Anayejua, macho yake yameingia kiza na hakuna alichosikia hata kidogo. Mtoto angekuwa peke yake angerudi kulala. Mzee angekuwa peke yake kusingekuwa na habari yoyote. Kulipokucha, Eli akataka aambiwe yote bila kufichwa, na yote yalikuwa hukumu juu ya nyumba yake mwenyewe, kwa sababu ya wanawe, Hofni na Finehasi. Akayapokea. Sisemi alikuwa baba bora, na Maandiko hayasemi hivyo. Lakini mtu mwenye cheo amemfundisha mtoto namna ya kusikia neno litakalomwondoa yeye kwenye cheo, kisha akalidai alisikie lote. Katika habari ya kusikiliza pamoja, mimi sijaona mfano unaozidi huo.

Kwa hiyo nilimwambia kijana, tofauti ya kikao chetu na cha saccos naiona hapa: lile swali halikumpa ushindi mtu yeyote aliyekuwa ameketi pale. Wa katiba liliwakuta, wa huruma likawakuta pia. Wa huruma walikuwa tayari kabisa kumhurumia marehemu. Hawakuwa tayari kusikia kwamba wao ndio wanaodaiwa. Neno linalotugeuka wote kwa pamoja, bila mmoja wetu kulipangia, mimi nalisikiliza mara mbili. Hakuridhika sana. Akasema hata dhamiri ya kawaida hufanya hivyo. Nikamuuliza dhamiri yenyewe aliipata duka gani; akacheka, tukaachana hapo.

Wapo wanaopenda kipimo chepesi: tukikubaliana wote, ni Mungu. Waswahili husema penye wengi pana Mungu, na ni msemo mzuri wa kuhimiza watu waje kwenye shughuli. Lakini katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 22, Ahabu alikusanya manabii wapatao 400 awaulize kama aende kupigania Ramoth-Gileadi, na wote 400 wakamwambia nenda, utashinda. Kwa hesabu ya kwetu hapo ni Amina na wimbo wa kufunga. Ni mgeni, Yehoshafati wa Yuda, aliyeingiwa na wasiwasi akauliza kama hakuna nabii mwingine. Jibu la Ahabu ndilo linaloniamsha usiku: yupo mmoja, Mikaya mwana wa Imla, lakini namchukia, hanitabirii mema. Maana yake mfalme hakuwa amesahau kumwita mtu. Alijua jina la aliyekosekana, na sababu ya kukosekana kwake, alipokuwa akiwasikiliza wale 400. Mikaya akaletwa, akasema aliyoyasema, akapigwa kofi mbele ya wafalme wawili na kurudishwa kifungoni. Ahabu akaenda vitani amejibadilisha mavazi, na mshale wa mtu aliyevuta upinde bila kulenga ukamkuta penye maungio ya silaha zake.

Kundi letu la WhatsApp lina tabia ya wale 400. Tangazo likiingia, Amina zinajaa kabla halijasomwa lote. Nimewahi kuona Amina chini ya tangazo la kukatika kwa maji.

Mkwe wangu ni Mluhya wa Vihiga, amelelewa katika Kanisa la Marafiki, wale wanaojulikana kwa jina la Quaker. Wamishonari wao kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kwa niliyokuwa nimeyasikia, nilidhani amekulia kwenye kimya kitupu. Akacheka sana. Kwao kuna mchungaji, kwaya, ngoma na mahubiri marefu kama popote magharibi mwa Kenya. Lakini alinieleza desturi yao ya zamani ya vikao vya shughuli, nikamwonea wivu karani wao. Jambo haliamuliwi kwa kura. Karani anasikiliza, na akiona kikao kimefika mahali, anaandika muhtasari palepale na kuusoma wote wakiwa wamekaa. Kama sivyo walivyosikia, wanasema, unaandikwa upya. Kama hawajafika mahali pamoja, jambo linangoja. Mihtasari yangu husomwa wiki inayofuata, wakati ambapo kila mtu anakumbuka alichosema yeye na hakuna anayekumbuka alichosema mwenzake.

Wivu ulinipungua niliposoma habari zao za Pennsylvania. Mwaka 1688, pale Germantown, wanaume wanne waliandika waraka wa kupinga utumwa, wakaupeleka kwenye kikao chao. Kikao kikaona jambo ni zito, kikaupandisha kikao cha juu yake. Nacho kikaupandisha kwenye mkutano wa mwaka. Nao ukauweka kando. Mwaka 1738 Benjamin Lay, mtu mfupi mwenye kibiongo, aliingia kwenye mkutano wa mwaka kule Burlington, New Jersey, na kitabu alichokichimba ndani na kuficha kibofu chenye maji mekundu ya matunda ya porini. Akakichoma kwa upanga, wenye watumwa wakarukiwa na hiyo "damu". Wakamtenga. Mwaka 1758 mkutano wa Philadelphia ulianza kuchukua hatua, na John Woolman, fundi cherehani, akawa miongoni mwa waliozunguka nyumba kwa nyumba kuzungumza na wenye watumwa. Mwaka 1776 ndipo ilipoamuliwa kwamba anayeng'ang'ania watumwa atolewe. Kutoka waraka wa Germantown, miaka 88.

Kuna wanaosimulia habari hii kama sifa ya uvumilivu, na ni kweli Marafiki waliwatangulia Wakristo wengi, wakiwemo Wakatoliki wenzangu. Mimi huuliza nani alikuwa akisubiri, na akisubiria wapi. Mabenchi yale yalikaliwa na watu waliotafuta umoja kwa unyofu, wengine kati yao wakiwa wameacha watumwa nyumbani wanapika. Umoja uliotafutwa ulikuwa wa wenye watumwa na wasio nao. Mtumwa hakuwa na benchi. Na kimya chao kilikuwa kimya hasa, kirefu, cha kumcha Mungu, ambacho sisi wa Kimara hatutakifikia hata tukizima simu zote. Ndiyo maana nimeacha kuamini kwamba tatizo letu ni ile hatua ya nne. Watu wanaweza kunyamaza vizuri sana pamoja, wakamsikiliza Mungu kwa moyo wote, na wasisikie jambo ambalo mtu mmoja aliyeachwa nje ya mlango angewaeleza kwa dakika mbili. Woolman alipolala kwenye nyumba yenye watumwa alikuwa na desturi ya kuacha fedha ili waliomhudumia walipwe. Nadhani alisikia alichosikia kwa sababu alikuwa amekwisha kukutana jikoni na watu ambao mkutano haukuwaita.

Mt. Benedikto aliligusa jambo hili katika karne ya sita. Sura ya tatu ya Kanuni yake inamtaka abate, akiwa na jambo zito, aite watawa wote, akitoa sababu kwamba mara nyingi Mungu humfunulia mdogo kilicho bora. Wabenediktini wa Peramiho, Ndanda na Hanga wanaishi chini ya Kanuni hiyohiyo. Sijui mdogo anajisikiaje akiitwa namna hiyo, hasa ikikumbukwa kwamba baada ya kusikiliza, anayeamua ni abate. Lakini angalau kaitwa.

Na Sinodi ya juzi, iliyofunguliwa na Papa Fransisko mwaka 2021, ilikuwa na mpangilio unaonivutia kuliko nyaraka zake. Oktoba 2023, pale Vatikani, walikaa kwenye meza za duara, kardinali na mama mlei meza moja, na kwa mara ya kwanza wanawake wakapiga kura. Duru ya kwanza kila mtu anasema aliyoyasali. Kimya. Duru ya pili haruhusiwi kuongeza lake. Anasema kilichomgusa katika maneno ya wengine. Tuliijaribu jumuiya. Duru ya kwanza ilikwenda vizuri mno, kwa ufasaha mkubwa. Duru ya pili watu walitazamana. Kila mmoja alikuwa ameshughulika kupanga maneno yake, na ya jirani hakuyasikia. Mtu pekee aliyekumbuka maneno ya wenzake alikuwa yule binti wa kidato cha pili, na tulipomsifu alisema shuleni wanafanyishwa ufahamu kila wiki.

Mkatoliki mwenzangu akiniambia mabishano yanamfukuza Roho, huwa namfungulia Matendo ya Mitume 15. Mtaguso wa Yerusalemu ulianza kwa ubishi mkali. Petro akasema, Barnaba na Paulo wakasimulia yaliyotokea kwa watu wasiotahiriwa, Yakobo akatoa muhtasari, barua ikaandikwa na watu wa kuipeleka wakachaguliwa. Kazi ya katibu kamili. Hao watu wasiotahiriwa hawatajwi kusema lolote, ila angalau walikuwa na wasimulizi waliokula nao. Na mwishoni mwa sura hiyohiyo Paulo na Barnaba wanagombana juu ya Yohana Marko kiasi cha kuachana. Walisikiliza vizuri kuhusu mataifa yote, wakashindwana kuhusu kijana mmoja.

Sasa mezani tuna jambo la saa. Baada ya ule msiba nilianza kuijaza nafasi ya sababu kwa kila asiyefika, na "kazi" ilijirudia kwa watu walewale. Walinzi wa usiku wanaotoka zamu saa kumi na mbili, wakati tunaanza sala wao wako kwenye daladala. Wauza mboga wanaokwenda soko la Mabibo usiku. Vijana wa bodaboda, ambao abiria wao wengi ni wa asubuhi. Wadada wa kazi za ndani, ambao mama wenye nyumba wanazofanyia kazi tunao kwenye viti vya mbele. Nilipendekeza tukutane Jumapili jioni. Nimeambiwa Jumapili jioni ni ya familia. Nimeambiwa pia, na hili lilisemwa kwa uaminifu zaidi, kwamba kuna mpira. Wengine wanasema alfajiri ndiyo saa ya sala tangu waanzilishi na haiguswi. Paroko amerudisha suala kwetu, akisema tulisikilize wenyewe.

Mwenyekiti hataki kura safari hii. Amegawa majina ya wasiofika, kila mjumbe awaendee wake awaulize saa gani wanaweza, na majibu yasomwe kabla ya mtu yeyote kutoa maoni. Mimi nimepewa walinzi wawili wa ghala moja lililo barabara kuu. Nitawakuta kabla hawajaingia zamu. Yeye mwenyewe amechukua wadada wa kazi. Ataanza na wa nyumbani kwake, ambaye zamu ya Jumamosi ikiangukia kwa Mwenyekiti ndiye anayebaki jikoni kutupikia chai.